Mwaka Sudi Alipoula Uswahili

Nilifika Mombasa siku ya arobaini ya Sudi. Maziko yalinipita, kwa sababu siku aliyokufa nilikuwa Nairobi nafunga ukumbi wangu wa mwisho wa vichekesho, na mnunuzi wa viti alikuwa ameshafika na lori lake. Biashara ikifa nayo ina maziko yake, na hayangoji. Basi nikaja kwenye hitima ya arobaini, nikakaa kwenye mkeka uliotandikwa uchochoroni mbele ya nyumba yao, Mji wa Kale, nikiwa nimechoka kwa safari na kwa mengine yasiyo ya safari. Kisomo kilikuwa kimekwisha na kahawa inapitishwa. Kando yangu alikaa kijana kutoka Morogoro, mtoto wa dada yake Sudi, aliyetumwa kuuwakilisha ukoo. Mjomba wake alimjua kwa simu tu. Akamuuliza mzee aliyekuwa akimimina kahawa, kwa heshima kabisa, kama watu wa hapa walikuwa wanajua kwamba marehemu ni Mluguru. Mzee akamtazama kama hakulielewa swali. "Nani, Sudi? Sudi ni Mswahili, mwanangu. Mswahili khasa." Akamjazia kikombe, akasogea kwa mwingine. Kijana akanigeukia, uso umemshuka, akaninong'oneza: "Baba, yaani wanamtukana mjomba kwenye hitima yake?" Nikaziba mdomo kwa leso nikajifanya nakohoa. Nilitaka kumweleza, lakini maelezo yake yana urefu wa mwaka mzima, na kahawa ilikuwa inapoa.

Mwaka wenyewe ulianza kwa basi kutoka Tanga na mhuri wa mpakani Lungalunga. Ya nyuma ya hapo nayaruka. Morogoro ipo, anayeitaka aende. Nilikuwa nimewazungusha wachekeshaji kwenye mabaa ya Dar es Salaam kwa muda, nikawa kijana mwenye wazo, na kijana mwenye wazo ni mtu wa kuhurumiwa. Niliona Mombasa ina bandari, ina taarabu, ina harusi zisizokwisha, lakini haina mahali ambapo mtu analipa kiingilio ili amsikilize mtu mmoja aliyesimama na kipaza sauti akisema mambo ya kuchekesha. Nikadhani nimeona pengo. Sikujua kwamba lile pengo lilikwisha zibwa kabla ya babu yangu kuzaliwa. Watu wa pale hukaa barazani jioni wakatupiana maneno bure, na maneno yao ya bure yalikuwa mazuri kuliko niliyokuja kuyauza. Nilikuwa na masanduku mawili na Sudi. Sudi alikuwa mfupi, kipaji kipana, na alikuwa na namna ya kuingia chumbani akitazama kila mtu kama vile wote wamekwisha kubaliana jambo fulani la kijinga. Watu walianza kucheka kabla hajasema. Kule mpakani alimchekesha afisa mmoja wa forodha mpaka yule bwana akasahau kufungua masanduku yetu, ambayo hata hivyo hayakuwa na kitu.

Ukumbi tuliupata juu ya ghala la mbao, pale Makadara inapoishia na Mji wa Kale unapoanza. Ngazi zilikuwa nyembamba, zimelika katikati. Juu kulikuwa na chumba kirefu chenye madirisha ya mbao na mapangaboi yaliyozunguka kwa kusitasita. Zamani wanawake walikitumia kwa sherehe za harusi, na ukiegemea ukuta ulisikia bado harufu ya udi, na darini zilining'inia kamba za mapambo ambazo hakuna aliyejali kuziondoa. Jukwaa tulilipiga wenyewe kwa mbao za makasha tuliyoyanunua Mbaraki, na lilikuwa likilia kila mtu akihamisha mguu. Mwenye jengo alikuwa Bi Maimuna, mjane aliyekaa mtaa wa ndani na binti yake Nuru. Alitukodisha kwa mkataba wa mwaka ule mpaka Idi, na kwa masharti yake: pombe isipande ngazi zile, matusi yasishuke, na adhana ikianza kila mtu anyamaze. Nikakubali yote palepale, maana wakati ule nilikuwa mtu wa kukubali.

Wachekeshaji wangu, Sudi na wengine niliowaita kutoka bara, walikuwa wamefunzwa na baa, na baa ni mwalimu mwenye huruma mno. Mtu aliyekunywa bia mbili hukupokea njiani. Kichekesho kikija na mguu mmoja, yeye hukikopesha wa pili. Mtu aliyekunywa kahawa chungu hakukopeshi kitu. Hukaa mikono kifuani, akangoja. Nyuma walikaa makarani wa bandari na watu wa reli, wengi wao wa kutoka bara, waliofika wakiwa tayari kucheka kwa kuwa wiki yao ilikuwa ndefu. Mbele walikaa watu wa Mji wa Kale, na kazi yao ya kwanza haikuwa kucheka, ilikuwa kusahihisha. Mchekeshaji mmoja wa bara alisema "kitabu yangu," na safu nzima ya mbele ikamwambia "changu," kwa upole, kama watu wanaoitikia dua. Akapotea. Akarudia hadithi, akasema "kiatu yangu," wakamwambia tena "changu." Hapo ukumbi mzima ukacheka, naye akashuka jukwaani anatokwa jasho akiapa hatarudi Mombasa. Baada ya muda nikagundua kwamba kuna watu wanaolipa ili waje wasahihishe. Sikuwazuia. Nilijiambia ndiyo biashara, kila mji una kitu chake unachokitaka kwenye kiti chake.

Nilijua tangu mwanzo kwamba tunaning'inia kwenye mkataba ule. Bi Maimuna asipouandika upya baada ya Idi, mimi na Sudi tulikuwa tunarudi Lungalunga tukiwa watu wa kuchekwa, si wa kuchekesha. Kwa hiyo nilijichunga. Nilijifunza kusema masalkheri, nikajifunza kumuuliza mtu hali yake na ya watu wa nyumbani kwake kabla ya kusema shida yangu, nikajifunza kwamba kule kwenda moja kwa moja kwenye jambo ni utovu wa adabu. Sudi hakujifunza chochote. Aliongea na wazee wa Mji wa Kale kama alivyoongea na wauza ndizi wa Morogoro, na mimi nilikuwa nikitembea nyuma yake nikiomba radhi kwa macho.

Ilikuwa mwisho wa Shaabani, siku za vunja jungu, watu wanapokula na kufurahi kabla ya mfungo. Ukumbi ulijaa. Familia zilikuja kutoka hata Tudor, vijana wakasimama ukutani, Nuru mwenyewe alikuja na mashoga zake wakakaa upande wa madirisha. Sudi alipanda mwisho, na alianza vizuri. Kisha safu ya mbele ikanyamaza. Hawakuchukia kitu, walikuwa wameinamiana wakijadiliana kama neno alilolitumia ndilo au silo. Sudi akangoja. Akajifuta uso, akatabasamu, akawaambia kama anavyowaambia ndugu zake wa tumbo moja: "Ah, jamani, acheni uswahili. Kiingilio mmelipa, chekeni."

Nyuma wakacheka. Mbele hakuna aliyecheka. Mzee mmoja wa safu ya mbele akasimama, akaitengeneza kanzu yake, akawaambia jirani zake, "Haya, kwaherini." Watu wake wakasimama. Wakafuata waliokuwa nyuma yao, safu kwa safu, bila kusukumana, na walipofika mlangoni nilipokuwa nimesimama kila mmoja akanipa mkono. "Ahsante bwana." "Masalkheri." "Wasalimie nyumbani." Nimekaa na kazi hii miaka mingi, nimerushiwa chupa, nimezimiwa umeme, nimewahi kufukuzwa kwa panga na mchumba wa mchekeshaji. Sijawahi kuogopa kama nilivyoiogopa ile adabu. Sudi alishuka jukwaani anashangaa. "Aisee, kuna aliyefiwa?" akaniuliza. Nikamwambia sijui, na kweli sikujua. Kwetu lile neno lilikuwa dogo. Mtu akikuahidi asije, unamwambia acha uswahili. Mtu akiongea sana kuficha jambo, uswahili huo. Tunaambiana mchana kutwa, mke na mume, fundi na mteja, na hakuna anayelala na njaa kwa ajili yake.

Asubuhi nikaitwa kwa Bi Maimuna. Sebule yake ilikuwa juu, ina viti vyeusi vya mbao na rafu ya sahani za maua ambazo hazikuwa za kulia, na makawa ya rangi ya kufunikia chakula yametundikwa ukutani. Nuru alileta chai ya tangawizi na mkate wa mayai, akarudi ndani. Nikanywa. Bi Maimuna hakusema neno mpaka kikombe kilipofika nusu, maana pale hata ugomvi hungoja mtu anywe.

"Bwana Idrisa," akasema, "nataka unifahamishe. Uswahili, huko kwenu, ni nini?"

Nimehojiwa na maafisa wa uhamiaji wa nchi tatu na sijawahi kuulizwa swali gumu kama lile.

"Ni maneno mengi, Bi Maimuna."

"Maneno mengi."

"Na ahadi za uongo."

"Enhe."

"Na ujanjaujanja. Mtu akikuzungusha, unamwambia acha uswahili. Lakini ni utani tu. Tunaambiana wenyewe kwa wenyewe."

Akaweka kikombe chini taratibu. "Sikiza. Mimi nimekwenda ofisini na mwanangu huyu kumtakia kitambulisho. Naulizwa, kabila? Nasema, Mswahili. Naambiwa, mama, hakuna kabila hilo, taja jingine. Na babu zangu wamezikwa papa hapa, makaburi yao hata maandishi yamefutika. Basi huku naambiwa Waswahili hawapo. Sasa nyinyi mwatoka kwenu, mwaja mwanambia Waswahili wapo, nao ni warongo. Mimi nishike lipi?"

Nilikuwa na radhi niliyoitunga njiani, basi nikaitoa. Ilikuwa radhi nzuri, ina heshima zake na dua zake, na nilipoimaliza niliona mwenyewe kwamba nimesema vizuri. Bi Maimuna naye aliona. "Umesema vizuri," akasema. "Umesema vizuri sana. Lakini wewe hukunena kitu. Alonena yuko wapi?" Kisha akaniambia kwamba ukumbi utafungwa mwezi wote wa Ramadhani, na habari ya mkataba ataiangalia baada ya Idi.

Alasiri nikampeleka Sudi. Njiani nilimfundisha maneno ya kusema, nikamfanya ayarudie mpaka akayajua. Alipofika mbele ya Bi Maimuna yote yakamtoka. Alisimama katikati ya sebule, kofia mkononi, akamwambia: "Mama, mimi sikujua. Wallahi sikujua. Lakini mama, kwani uswahili hasa ni nini?" Nilitamani sakafu ipasuke initie ndani. Mlangoni mwa jikoni Nuru alijizuia kicheko kikamtokea puani. Bi Maimuna akamtazama Sudi kwa muda, kuanzia kile kipaji kipana mpaka viatu.

"Hajui," akasema. "Mtu mzima, na hajui. Basi mwezi ukiandama na aje hapa kufuturu. Kila siku. Na aje aule huo uswahili mpaka aumalize, kisha atwambie una ladha gani."

Ndivyo Sudi alivyohukumiwa. Nami kila jioni nilimsindikiza, kwa kuwa nilimjua. Asipopelekwa angekutana na mtu wa kuongea naye njiani akasahau. Tulipita vichochoroni saa ile ambayo mji wote una njaa na hakuna anayesema kwa sauti, moshi wa makaa unatoka jikoni, na kila mlango una mtu anayekuna nazi. Tukifika chini ya ngazi Bi Maimuna alikuwa akituita kutoka juu: "Karibuni." Sudi alikuwa ameshazipanda zile ngazi kabla neno halijaisha. Mimi nilisema, "Starehe." Hili nalo nilikuwa nimejifunza, kwenye mahoteli madogo ya Makadara, na nilijivunia kulijua. Kwetu ukiwakuta watu wanakula wakasema karibu, unavuta kigoda. Pale niliona watu wenye adabu zao wanajibu starehe, wanapita, na kila mtu anabaki na heshima yake. Nikaona hiyo ndiyo tofauti ya mtu aliyestaarabika na Sudi.

Baada ya kusema starehe nilikuwa nikisimama kidogo uchochoroni, chini ya dirisha lao. Sijui nilikuwa nangoja nini. Adhana ilikuwa ikiisha, nasikia tende zinapitishwa, kisha vijiko, kisha sauti ya Bi Maimuna.

"Haya Sudi, hichi ni nini?"

"Muhogo wa nazi."

"Na hizi?"

"Maandazi ya mviringo."

"Kaimati. Rudia."

"Kaimati."

"Na uswahili wa leo wauonaje?"

"Wa leo mtamu, mama. Wa jana ulizidi pilipili."

Wakacheka wote. Jioni nyingine nilimsikia Bi Maimuna akiuliza kitu kwa sauti ya chini, na Sudi akajibu huku anatafuna, "Nani, yeye? Ah, yeye muacheni, mama. Yeye hali kwa watu ovyo." Sikujua ni nani aliyekuwa akisemwa. Nilikwenda zangu Makadara, nikafuturu kwa uji na viazi karai kwenye benchi moja na wapagazi, watu wema waliokuwa na haraka, kila mmoja na bakuli lake, na hakuna aliyekuwa na nguvu za kuongea. Nakumbuka meza ile ilivyokuwa inanata. Nakumbuka nilikuwa nikila haraka nirudi chumbani nikaufikirie mkataba, na usiku Sudi akija alikuwa ananukia hiliki.

Sudi alikuwa anabadilika. Alianza kuamkia watu. Alianza kunisahihisha mimi. Lakini kadiri Idi ilivyokaribia alizidi kuwa kimya, na siku moja akaniambia jambo lililonikata maini. "Idrisa, sina cha kusema pale juu. Nimevipitia vichekesho vyangu vyote. Vyote ni vya kumcheka mtu nisiyemjua. Sasa hawa nimeshawajua." Nikamwambia atunge vingine. Akasema ameshajaribu, kila akianza anaona uso wa mtu. Basi nikawa na ukumbi ambao huenda si wangu, watu ambao huenda hawaji, na mchekeshaji ambaye hachekeshi. Kama si kufunga ningesema hata chakula kilinishinda.

Tulifungua siku ya Idi pili. Nilipanga viti mwenyewe. Makarani wa bandari walikuja, wakakaa nyuma kama kawaida yao, na safu za mbele zikabaki tupu, na utupu wake ulionekana mpaka ukutani. Nilisimama juu ya ngazi nikijifanya nakagua swichi. Ndipo nikasikia hatua za polepole, na harufu ya udi ikatangulia, akatokeza Bi Maimuna katika buibui jipya, ameshika mkono wa Nuru, anahema. Nyuma yake wanawake wa mtaani. Nyuma yao wanaume, na miongoni mwao yule mzee aliyesema kwaherini. "Idi mubarak," Bi Maimuna akaniambia. "Sisi twakaa mbele, Bwana Idrisa."

Sudi akapanda jukwaani amevaa kanzu ya kuazima iliyomzidi urefu. Akatoa salamu, wakaitikia. Akawauliza hali, wakamwambia njema. Akawauliza hali za nyumbani, wakamshukuru Mungu. Akauliza sikukuu imekuwaje. Njema. Kisha salamu zikaisha, maana hata Mombasa salamu zina mwisho, naye akasimama pale. Akafungua mdomo, akaufunga. Mbao za jukwaa zikalia. Nilianza kufikiria basi la Tanga linaondoka saa ngapi.

Bi Maimuna hakuinua sauti. "We Sudi," akasema. "Acha uswahili, mwanangu. Sema."

Kwanza hakuna aliyecheka. Watu walitazamana kuhakikisha wamesikia walichosikia. Kisha mabega ya yule mzee yakaanza kutikisika, akainamisha kichwa, kofia ikamdondoka, na ukumbi wote ukamfuata, wa mbele kabla ya wa nyuma, safari hii. Sudi alikaa chini pembeni ya jukwaa akashika kichwa. Walipotulia akabaki amekaa vilevile, akaanza kuwasimulia habari za Mluguru mmoja aliyehukumiwa kulila kabila zima la watu, sahani kwa sahani. Jinsi alivyoutafuta urongo kwenye muhogo akakuta nazi. Jinsi alivyotafuta ujanja kwenye kaimati, akaupata: ulikuwa ni wake mwenyewe, alikuwa ameiba mbili. Hakukuwa na mtu wa kusahihisha. Au walisahihisha, lakini walikuwa wanacheka na hakuna aliyesikia.

Kesho yake Bi Maimuna akaniambia, "Ukumbi uko, Bwana Idrisa," na nikashuka zile ngazi za kwake mbiombio, kijana aliyepata alichokitaka. Kutokana na ukumbi ule nilifungua wa Nairobi, kisha wa Kisumu, kisha mwingine wa Nairobi mkubwa zaidi, na kote huko pombe ilipanda ngazi na matusi yakashuka, na watu wakanikopesha ule mguu wa pili. Nilijuana na wenye majengo wengi. Nilijifunza kusoma mikataba, kubembeleza vibali, kuwapokea wachekeshaji vijana wakiwa na njaa na kuwaaga wakiwa na madereva. Siku hizi watu wanacheka kitandani, kila mmoja peke yake na simu yake, na simu haidai kiingilio. Simlaumu mtu. Nimechoka tu, na nimechoka kwa namna ambayo kulala hakuiondoi. Sudi nilimwita Nairobi mara nyingi. Kila mara alinijibu swali moja, "Nitakula kwa nani huko?" Alimuoa Nuru, akabaki na ukumbi wa Mombasa mpaka mapafu yalipomkataza kuzipanda ngazi, na Bi Maimuna walimzika yeye na Nuru.

Kahawa ilipokwisha niliingia ndani kumpa Nuru pole. Alikuwa edani, haonani na wanaume, kwa hiyo baina yetu kulikuwa na pazia, nami nikasimama upande wa pili na viatu mkononi.

"Poleni na msiba," nikasema.

"Tushapoa, Bwana Idrisa. Hujambo? Hawajambo huko Nairobi?"

Nikamwambia hawajambo. Nikawasikia wanawake wengine wakinong'ona ndani na vyombo vikigongana.

"Sudi alikuwa akikutaja sana," akasema. "Na mama pia, mpaka kufa kwake."

"Bi Maimuna? Akisema nini?"

"Akisema, yule bwana ana adabu zake, lakini sijui tulimkosani hata asile kwetu."

Nikadhani nimesikia vibaya. "Asile nani?"

"Wewe. Sahani yako tukiiweka, Bwana Idrisa. Mwezi mzima ule. Mimi ndiye nlokuwa nkiipanga, baina ya Sudi na mama. Twasikia nyayo zenu, mama asema, leo ataingia. Kisha twakusikia wasema starehe, mama asema, haya, ifunikeni. Mwisho aila Sudi."

Niliuona ule mwezi wote, uchochoro, dirisha, mimi nimesimama chini yake na njaa yangu na ustaarabu wangu, na iliniuma, si kidogo, iliniuma kama kitu cha jana. Nilitaka kumwambia kwamba sikuwadharau. Nilitaka kumwambia kwamba nilisimama pale kila siku nikisikiliza. Lakini mtu humwambiaje mjane mambo hayo siku ya arobaini ya mumewe.

"Wenzangu wapakua sasa," Nuru akasema. "Karibu."

"Starehe," nikajibu.

Lilitoka lenyewe. Nyuma ya pazia vyombo vikaacha kugongana. Kisha mwanamke mmoja akacheka akajizuia, wa pili akashindwa kujizuia, na mwisho nikamsikia Nuru mwenyewe, anacheka na kusema astaghfirullah, anacheka tena, na sauti yake imechanganyika na kilio. Maisha yangu yote nimeuza vicheko vya watu wengine. Nilisimama pale na hiki, mzee mzima, sijui nikipeleke wapi. Pazia likainuka kidogo chini, mkono ukatoka, ukaisukuma sahani ya pilau kwenye mkeka mpaka ikagusa vidole vyangu vya mguu. Niliweka viatu kando, nikakaa chini, nikaila yote.